Nuru ya Nyota Isiyofika Chini

Mama wa Kasongo akifua kikwembe chake chekundu hukianika juani. Akikianika leo, na kesho, na miezi mingi, mwisho rangi yake hufifia. Lakini kunjueni pindo la kikwembe kile, mtaona ajabu kidogo: ndani ya pindo, mahali jua lisipofika, rangi ni nyekundu kama siku ile kilipotoka dukani. Basi, ni nini kilichoila rangi? Si maji wala sabuni, kwa maana pindo lilifuliwa pia. Wala si joto tu, kwa maana nguo iliyotundikwa jikoni karibu na moto hupata joto jingi na kuwa nyeusi kwa moshi, lakini haifi rangi namna hiyo. Mharibifu ni nuru ya jua. Na katika nuru hiyo, sehemu inayoharibu rangi kupita zote ni ile ambayo macho ya mtu hayaioni kabisa.

Nuru hiyo yaitwa nuru ya urujuanimno. Neno ni refu, lakini maana yake si ngumu. Mvua ikikatika na jua likitoka, tazameni upinde wa mvua. Upande wa nje mwaona rangi nyekundu. Baada yake zafuata rangi ya chungwa, manjano, kijani na samawati. Upande wa ndani kabisa iko rangi ya urujuani, ambayo wengi huiita zambarau. Baada ya urujuani jicho halioni kitu. Mtu atasema, upinde umekwisha. Kumbe haujakwisha! Mbele ya urujuani iko nuru nyingine iliyoipita, ndiyo maana yaitwa urujuanimno.

Aliyeigundua ni Mjerumani mmoja, Johann Wilhelm Ritter, katika mji wa Jena, mwaka 1801. Ritter alichukua kipande cha kioo chenye pembe tatu, akapitisha ndani yake mwangaza wa jua. Kioo cha namna hii hugawanya mwangaza na kufanya upinde mdogo wa rangi zote ukutani. Kisha akachukua karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha. Chumvi hii ina tabia yake: ikipigwa na nuru, yageuka nyeusi. Akaiweka karatasi chini ya upinde ule mdogo, akangoja. Penye rangi nyekundu chumvi haikubadilika sana. Penye urujuani ikawa nyeusi upesi. Lakini mahali ilipokuwa nyeusi upesi kuliko pote ni mbele ya urujuani, penye giza, ambapo jicho halikuona nuru yoyote. Karatasi iliona kile ambacho Ritter mwenyewe hakukiona.

Mwaka mmoja kabla yake, huko Uingereza, William Herschel alikuwa ameweka vipimajoto katika rangi za jua, akakuta joto mbele ya nyekundu, upande wa pili. Hivyo katika miaka miwili watu walijua kwamba upinde wa mvua una ncha mbili zilizofichika.

Kwa nini jicho haliioni nuru hii? Nuru yote husafiri kama mawimbi. Mawimbi ya Lualaba upepo ukivuma mwaweza kuyahesabu kwa macho. Mawimbi ya nuru ni madogo mno. Katika milimeta moja tu yaingia mawimbi kama 2,500 ya urujuani. Mawimbi ya urujuanimno ni mafupi zaidi: katika milimeta ileile huingia 3,000, au 6,000, au zaidi. Jicho la mtu halikufanywa kwa mawimbi mafupi kiasi hicho. Nyuki amepewa jicho jingine. Yeye haioni vizuri rangi nyekundu, lakini aiona urujuanimno. Ua ambalo kwetu ni la manjano tupu, kwa nyuki lina mistari na madoa yanayomwonyesha njia ya kwenda penye asali.

Sasa inafaa kumtembelea mfua chuma.

Mfua chuma aweka chuma motoni, na kijana wake avuta mvukuto. Kwanza chuma ni cheusi, ingawa tayari kingeweza kuunguza mkono. Baadaye chakuwa chekundu kama damu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Mvukuto ukizidi, chaanza kuwa cheupe. Fundi hana kipimajoto. Rangi yamwambia kila kitu. Akisema, «Bado, vuta tena,» ni rangi aliyoitazama. Kama chuma kingeweza kuvumilia moto zaidi bila kuyeyuka, baada ya weupe kingekuwa na rangi ya samawati. Na moto ukizidi tena, nuru yake nyingi ingekuwa urujuanimno, isiyoonekana.

Nyota nazo hufuata sheria ya mfua chuma. Jua ni nyota, na uso wake una joto la digrii 5,500 hivi. Ndiyo maana nuru yake ina nguvu kuliko zote karibu na manjano na kijani, ile inayoonekana, na urujuanimno wake ni sehemu ndogo tu. Nyota nyekundu, ingawa ni moto wa kutisha, ni baridi kuliko jua. Nyota nyeupe na za samawati ni moto zaidi. Tazameni usiku ule mkusanyiko mdogo wa nyota zinazokaa pamoja kama kundi la vifaranga. Waswahili wa pwani huziita Kilimia, kwa sababu wakulima walizitazama ili wajue majira ya kulima. Nyota kubwa za Kilimia zina joto la digrii 12,000 na zaidi. Katika nuru wanayotoa nyota hizo, zaidi ya nusu ni urujuanimno. Basi mtu anayetazama Kilimia hapa Kasongo, hata akiwa na macho mazuri kama ya mwewe, anaona nusu ndogo tu ya nuru yake. Nusu kubwa imepotea njiani.

Imepotea wapi? Imezuiliwa na hewa.

Juu ya vichwa, kati ya kilometa 20 na 30 hivi, imo hewa ya namna ya pekee iitwayo ozoni. Ozoni ni oksijeni, ile hewa tunayoivuta, lakini chembe zake zimeshikana tatu tatu badala ya mbili mbili. Ni kidogo sana. Kama ingewezekana kuikusanya yote na kuishusha chini, ingefunika nchi kwa unene wa milimeta 3 tu, kama unene wa mkeka. Na mkeka huo mwembamba ndio unaokinga kila kiumbe kilicho hai. Urujuanimno mkali wote hunaswa na ozoni, na ule mkali zaidi hunaswa juu zaidi na oksijeni na naitrojeni. Kinachofika chini ni kile kipole kilicho karibu na urujuani. Nacho, pamoja na upole wake, chatosha kufifisha kikwembe, kuumiza macho ya mtu akitazama jua, na kuunguza ngozi ya mtoto zeruzeru asiyevaa kofia na nguo ya mikono mirefu. Bila ozoni, mimea ya shamba ingeungua, na hakuna ambaye angeweza kukaa nje mchana.

Kwa watu wote, basi, hewa ni paa jema. Kwa watazamaji wa nyota ni ukuta. Walipoanza kutaka kujua nyota zina joto gani, zimeundwa kwa vitu gani, na ni hewa gani iliyotanda kati yao, waliona kwamba majibu mengi yameandikwa katika nuru hiyohiyo inayozuiliwa. Kila elementi, kama hidrojeni, kaboni na chuma, huacha alama zake katika nuru ya nyota, mistari myembamba myeusi au mieupe, na alama zilizo wazi kuliko zote zimo katika urujuanimno. Ni kama mtu aliyetumiwa barua ndefu, naye akakabidhiwa ukurasa wa mwisho peke yake.

Labda mtu atasema, si wapande mlima? Watazamaji wa nyota hupenda milima, ni kweli. Lakini kilele cha Kilimanjaro kina meta 5,895, na kilele cha Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kina meta 5,109. Hiyo ni kilometa 5 hivi. Ozoni iko mara nne au tano juu zaidi. Mtu juu ya Ruwenzori bado yuko chini ya paa kama mtu aliyesimama juu ya kigoda ndani ya nyumba.

Njia ilipatikana baada ya vita vya pili vya dunia. Wamarekani walikuwa wameteka maroketi ya Wajerumani yaitwayo V-2, yaliyotengenezwa kwa kuua watu. Wakatoa mabomu, wakatia vyombo vya kupimia. Mwezi wa Juni 1946 walirusha roketi moja kutoka White Sands, katika jimbo la New Mexico, ikiwa na chombo cha kupiga picha za urujuanimno wa jua. Roketi ikapanda vizuri, lakini iliporudi ilijichimbia shimo kubwa jangwani, na chombo chote kikapotea. Mara ya pili wakaweka chombo mkiani badala ya kichwani. Tarehe 10 Oktoba 1946 roketi ikapita kilometa 80 na zaidi, ikaanguka, na wakaikuta filamu nzima. Kwa mara ya kwanza watu waliona urujuanimno wa jua ambao haujapita katika ozoni.

Lakini roketi ya namna ile hukaa juu dakika chache tu. Yafaa chombo kinachobaki juu na kuizunguka dunia, yaani setilaiti. Moja iliyopelekwa kwa kazi hii mwaka 1966 ilikufa baada ya siku tatu. Iliyofuata, iliyorushwa tarehe 7 Desemba 1968, ilifanya kazi hata mwaka 1973, nayo ilikuwa na darubini 11.

Kati ya watu waliofanya kazi hii yafaa kumjua George Carruthers, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1939. Tangu utoto alitengeneza darubini kwa mikono yake. Alipokuwa mtu mzima alitunga kamera ya urujuanimno, na kwa kamera yake iliyorushwa na roketi mwaka 1970 alithibitisha kwamba kati ya nyota imetanda hidrojeni ya chembe mbili mbili, ambayo wataalamu walikuwa wameifikiria tu bila kuiona. Mwezi wa Aprili 1972 wasafiri wa Apollo 16 waliichukua kamera yake nyingine hata mwezini, wakaisimamisha kivulini kwa chombo chao. Ikapiga picha za dunia, ikaonyesha kwamba dunia imevikwa wingu kubwa la hidrojeni linalong'aa, ambalo jicho haliwezi kuliona. Wasafiri walirudi na filamu. Kamera yenyewe ingali imesimama mwezini. Carruthers alifariki mwaka 2020.

Haya yote yalitendeka mbali. Lakini kazi hii ina nyumba yake pia katika Afrika ya Mashariki, karibu na Malindi, pwani ya Kenya.

Kaskazini ya Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Mbele yake, baharini, yamesimama majukwaa ya chuma juu ya miguu mirefu kama korongo majini. Yaliwekwa na Waitalia miaka ya 1960, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, na jukwaa la kurushia maroketi liliitwa San Marco. Kwa nini Waitalia walikuja mbali hivyo? Kwa sababu ya ikweta. Dunia huzunguka kama pia, na mahali inapokwenda mbio kuliko pote ni kwenye ikweta: kilometa 1,670 kila saa kuelekea mashariki. Roketi inayoondoka hapo imekwisha kupewa mwendo huo bure, kama mtu anayeruka kutoka mtumbwi unaokwenda. Na upande wa mashariki wa Malindi ni bahari tupu. Roketi ikiharibika haimwangukii mtu nyumbani kwake.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza iliondoka pale, San Marco 2. Ilikuwa tufe lenye kipimo ndani yake cha kujua jinsi hewa nyembamba ya juu inavyoizuia setilaiti katika mwendo wake. Habari hii ya hewa yafaa kuikumbuka, itarudi.

Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka nyingine, ya Wamarekani, na siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru. Kwa heshima ya nchi wakaipa jina la Kiswahili, Uhuru. Kazi yake ilikuwa nuru ya mawimbi mafupi hata kuliko urujuanimno, yaani mionzi ya eksi. Kabla yake watu walijua vyanzo vichache tu vya mionzi hiyo mbinguni. Uhuru ilileta orodha ya zaidi ya 300. Kisha tarehe 25 Machi 1988 ikaondoka San Marco ya mwisho, iliyopima hewa ya juu pamoja na urujuanimno mkali wa jua unaoipasha hewa hiyo joto. Baada ya hapo jukwaa likanyamaza. Lakini nchi kavu, karibu na Ngomeni, Waitalia walibaki na masahani yao makubwa ya chuma yanayotazama juu. Masahani hayo hayarushi kitu, yasikiliza.

Sauti mojawapo waliyoisikiliza kwa miaka mingi ni ya setilaiti iitwayo Swift.

Swift ilirushwa kutoka Marekani tarehe 20 Novemba 2004. Jina lake ni la ndege mdogo, anayefanana na wale mbayuwayu wanaozunguka juu ya nyumba jioni, ambaye hugeuka ghafula hewani kukamata mdudu. Setilaiti hii nayo iliundwa igeuke upesi. Ina chombo kimoja kinachotazama sehemu kubwa ya mbingu na kungoja miale mikali inayotokea mara moja na kutoweka. Mwale ukitokea, Swift yenyewe, bila kungoja amri ya mtu, hugeuka kwa muda wa dakika moja au mbili na kuelekeza darubini zake pale. Moja ya darubini hizo ni ya urujuanimno. Kioo chake kina upana wa sentimeta 30 tu, kama sinia ndogo. Chini, darubini ndogo hivi haina sifa kubwa. Juu ya ozoni, giza la mbingu ni safi, nayo huona mengi.

Picha zote haziwezi kushuka wakati wowote. Swift huziweka akiba ndani yake, na inapopita juu ya Afrika ya Mashariki huzimwaga chini kwa radio, na sahani la Malindi huzipokea. Habari fupi za haraka hupita njia nyingine, kwa msaada wa setilaiti nyingine, lakini shehena kubwa ilipangwa ishuke Malindi. Kutoka Malindi picha huenda Marekani katika dakika chache.

Na Kasongo iko njiani. Kasongo iko digrii nne na nusu kusini ya ikweta, Malindi digrii tatu na kidogo. Njia ya Swift hupanda na kushuka kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 20 kusini, ikitoka magharibi kwenda mashariki, na kuizunguka dunia mara moja kwa saa moja na nusu hivi. Siku nyingine hupita juu ya Maniema. Iwapo juu ya Kasongo, sahani la Malindi limekwisha kuiona, ingawa ni mbali kilometa 1,500, kwa kuwa kitu kilicho juu sana huonekana kutoka mbali. Dakika nne baadaye iko juu ya Malindi. Zamani za misafara ya Tippu Tip, watu waliotoka Kasongo kwenda pwani walitembea miezi mingi, kwa njia ya Ujiji na Tabora, na wengi wao walikwenda wamefungwa shingoni, wala hawakurudi. Lugha ya Kiswahili ilifika Maniema kwa njia ileile.

Alhamisi tarehe 17 Agosti 2017, saa nane na dakika 41 mchana kwa saa ya Kasongo, vyombo vya Marekani na Italia vilisikia mtikisiko mdogo sana uliopita katika dunia yote. Ulikuwa mtikisiko wa nyota mbili zilizogongana. Hazikuwa nyota za kawaida. Zilikuwa mizoga ya nyota, ziitwazo nyota za nyutroni: kila moja uzito wake wapita uzito wa jua, lakini upana wake ni kilometa 20 hivi, safari ya mtu ya nusu siku kwa miguu. Sekunde mbili hazijaisha, setilaiti nyingine ikaona mwale mkali.

Swift haikuona mwale ule. Wakati huo dunia yenyewe ilikuwa katikati, ikiizuia. Wala hakuna aliyejua kwa hakika ni mahali gani. Mbingu ni pana, na mtikisiko hauonyeshi kidole. Wataalamu wa nchi nyingi wakaanza kutafuta usiku huohuo. Saa 11 baada ya mgongano darubini moja ya Chile iliona nukta mpya ya nuru katika kundi la nyota liitwalo NGC 4993, umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka milioni 130. Swift ikaelekezwa pale. Ilipofungua jicho lake la urujuanimno, saa kama 15 tangu mgongano, ilikuta nuru kali, kuliko walivyotazamia wengi.

Hapa ndipo yaonekana faida ya haraka. Siku moja baadaye urujuanimno ulikuwa umepungua sana. Baada ya siku chache haukuonekana tena. Nuru nyekundu, na ile iliyofichika mbele ya nyekundu, ilidumu siku nyingi zaidi. Ni chuma cha mfua chuma kilichotolewa motoni: kwanza cheupe, kisha chekundu, kisha giza. Anayefika nyumba ya mfua chuma amechelewa hukuta chuma chekundu, wala hawezi kujua kilikuwa moto kiasi gani mwanzoni. Kama hakuna aliyetazama urujuanimno siku ile ya kwanza, habari ya mwanzo wa moto ule ingekuwa imepotea kabisa. Nyota zile hazitagongana tena.

Urujuanimno ulisema nini? Ulisema kwamba vitu vilivyotupwa nje na mgongano vilikuwa na joto kupita uso wa jua, na kwamba vilikimbia makumi ya maelfu ya kilometa kila sekunde. Ulisema pia kwamba katika vitu vilivyotoka nje hivyo mlikuwa na metali chache zilizo nzito kabisa, kwa kuwa metali hizo huziba urujuanimno kama moshi mzito unavyoziba mwangaza wa taa. Lakini nuru nyekundu iliyofuata ilionyesha sehemu ya pili ya vitu, yenye metali nzito nyingi, wenzake dhahabu na platini. Hivyo wataalamu walitambua kwamba mgongano mmoja ulitupa vitu vya namna mbili. Kwa hesabu zao, dhahabu iliyozaliwa siku ile ni nzito kuliko dunia nzima mara kadhaa.

Neno hili ni la kufikiriwa na watu wa Kabambare. Kule Namoya dhahabu imechimbwa tangu wakati wa utawala wa Wabelgiji. Vijana husimama katika maji hata magotini, wakiosha mchanga katika karai, ili wapate punje ndogo kuliko punje ya ulezi. Wamepigana kwa ajili yake, na wengine wamefukiwa mashimoni. Nyota kama jua haiwezi kutengeneza punje hiyo. Moto wake hautoshi. Yahitaji tendo la ukali kama lile la NGC 4993. Baadhi ya wataalamu wasema ziko njia nyingine pia za kuzaa dhahabu, na neno hilo halijakwisha kuamuliwa. Lakini kwamba nyota za nyutroni zikigongana huzaa metali za ukoo wa dhahabu, hilo limeonekana. Dhahabu ya Namoya ilikuwako kabla ya dunia yenyewe, imetawanyika katika mavumbi ambayo baadaye yalikusanyika yakawa jua na sayari zake.

Swift haikuwa peke yake katika kazi ya urujuanimno. Wahindi nao walirusha setilaiti yao, AstroSat, tarehe 28 Septemba 2015, yenye darubini za urujuanimno, na njia yake haiendi mbali na ikweta zaidi ya digrii 6. Nayo pia hupita juu ya Maniema.

Lakini Swift ilizeeka. Iliwekwa juu kama kilometa 600, haina mashini ya kujisukuma, na mwaka 2025 ilikuwa imeshuka hata karibu na kilometa 400. Anayeivuta chini ni nani? Hata juu kule kuna hewa, nyembamba mno, lakini ipo, nayo huizuia kila siku kidogo kidogo, kama majani ya mtoni yanavyouzuia mtumbwi. Jua lina majira yake: kila miaka 11 hivi huwa kali, hutoa urujuanimno mwingi zaidi. Urujuanimno huo huipasha joto hewa ya juu, hewa huvimba na kupanda, na setilaiti hujikuta katika hewa nzito zaidi kuliko jana. Miaka ya 2024 na 2025 jua lilikuwa katika ukali wake, na Swift ikashuka upesi kuliko ilivyohesabiwa. Basi nuru ileile iliyotumwa kuitazama ndiyo iliyokuwa ikiiangusha.

Mwaka 2025 Wamarekani waliamua wasiiache. Waliiagiza kampuni moja itengeneze chombo kidogo chenye mikono, kitakachoifuata Swift huko juu, kuishika na kuisukuma ipande tena. Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu Swift haikuundwa ili ishikwe, haina hata mpini. Na ili kujua muda uliobaki, wahesabuji walihitaji kujua hewa ya juu, hasa ile ya karibu na ikweta, ni nzito kiasi gani jua linapokuwa kali. Ni swali lilelile ambalo tufe la San Marco 2 lilipelekwa kuliuliza kutoka bahari ya Ngomeni, mwaka 1967.